Mkojo Safi wa Babu

Babu yangu alikuwa fundi cherehani katika soko la Rumonge, kusini mwa Burundi, na ugonjwa wake tuliujua kwanza kwa suruali. Maisha yake yote alikuwa mtu wa nguo nyeupe. Alisema fundi anayevaa nguo nyeusi ana jambo analificha: ama kushona kwake ni kubaya, ama kufua kwa mkewe. Kisha mwaka mmoja, katikati ya vita, akaanza kuvaa nyeusi. Mara ya kwanza alidai kitambaa kilibaki, ni dhambi kukitupa. Ikaja ya pili. Halafu akang'oa vifungo vya zote mbili akatia zipu, na zipu nazo akazing'oa akatia kamba yenye fundo moja, fundo la kufunguka ukiligusa tu. Siku aliyokuwa anaijaribu kamba hiyo uani, anaifunga na kuifungua, Bibi aliniambia kwa sauti ya kutosha Babu mwenyewe asikie:

"Mume wetu ana haraka ya kwenda wapi?"

Alisema "mume wetu" bila kukosea. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Tangu nizaliwe Babu aliniita mke wake mdogo, na Bibi akawa mke mwenzangu. Baba yangu, mtoto wa kumzaa, asingethubutu kulitaja hata neno suruali mbele ya mzazi wake. Mimi niliweza kuitaja suruali na kilichomo. Haki hiyo niliitumia vizuri, pengine kupita kiasi.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka lise, shule yetu ya sekondari, msichana mzima asiye na shule. Walimu walikuwa wametawanyika, na barabara ya kwenda huko ilikuwa ya kuombewa dua kabla ya kupita. Basi nikawa nashinda dukani kwa Babu nikishona vifungo. Ndipo nilipoona. Alikuwa akiisimamisha cherehani katikati ya mshono, akatoka kwenda nyuma ya soko, akakaa huko mpaka mteja aliyekuja kupimwa anachoka anaondoka. Kisha anarudi taratibu, na uso wa mtu aliyekwenda kumwamkia jamaa akakuta mlango umefungwa. Baada ya muda mfupi anainuka tena.

Nyumbani hali ilikuwa wazi zaidi, na hiyo ilikuwa kazi ya vita. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje, kwa hiyo kila jioni, hata mwanga haujaisha vizuri, sote tulikuwa tumejifungia katika chumba cha nyuma, kile kilicho mbali na barabara. Choo kilikuwa uani, na uani hakuendeki. Kwa hiyo pembeni ya chumba kulikuwa na ndoo, na mbele ya ndoo kitenge kimetundikwa kuwa pazia. Vita vina ubaya mwingi mkubwa, watu wameusema, nami sitaurudia hapa. Ubaya mmoja mdogo ni kwamba huwezi kuwa na siri ya mkojo unapokaa chumba kimoja na mkeo, mwanao, mkwe wako na mjukuu wako. Tulikaa kimya tukitega masikio kusikia kama milimani kuna bunduki, na tulichosikia ni Babu. Tone. Kimya kirefu. Tone jingine.

"Anamwagilia mchicha," Bibi alinong'ona.

Baba alikohoa kwa nguvu, kama vile kikohozi kingeweza kuziba masikio ya watu wote.

"Ni baridi!" Babu alisema nyuma ya pazia. Baridi, hapa Rumonge, ambako joto halituachi hata mvua ikinyesha.

Bibi alimkaangia mbegu za maboga. Akamchemshia majani aliyoletewa kutoka Kizuka, machungu hata kuyanusa. Babu aliyanywa yote kwa sababu yalimpa kisingizio kipya: sasa alikwenda kukojoa mara nyingi kwa sababu ya kunywa dawa ya kumzuia asikojoe mara nyingi.

Nikamwambia dukani, "Bwana, wakakupime mkojo."

"Mkojo wangu una nini?"

"Una uvivu."

Alicheka, akatazama kama kuna mtu amesikia, akakubali kwa sharti moja. Angeutoa yeye, ila kuupeleka niupeleke mimi.

Nilileta kichupa kutoka hospitali. Asubuhi yake akaingia nacho chooni, akajifungia, na mimi na Bibi tukakaa kwenye ngazi ya jikoni tukingoja. Tulichambua maharage yote. Bibi akachoka kungoja, akachukua jagi na beseni, akaenda kusimama karibu na ukuta wa choo akaanza kumimina maji kutoka juu, polepole, yapate kulia vizuri.

"Sikiliza maji, mume wangu. Sikiliza maji."

"Nyamazeni nyie wanawake!"

"Tukinyamaza utatoka?"

Bibi akaendelea kumimina. Mwishowe Babu alitoka na kichupa ambacho hakikufika hata nusu, akapita katikati yetu bila kutuangalia, akakichukulia kipande cha kitambaa cha suti, akakifunga humo, pembe zikakaa sawasawa. Hata mkojo wake hakutaka utembee uchi mjini. Nilivyoubeba, mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliniuliza nimepata wapi manukato siku hizi za shida. Nilimwambia ni zawadi kutoka kwa mume wangu.

Hospitalini palikuwa na muuguzi mmoja Mkongomani, Mkristo wa Kivu ya Kusini, aliyekimbia vita vya kwao akakutana na vyetu. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa. Alichovya kikaratasi cha kupimia ndani ya ule mkojo, akangoja rangi zibadilike, kisha akatia tone chini ya hadubini akaangalia kwa jicho moja.

"Kwa huyu muzee sukari hakuna," akasema. "Damu hakuna. Vidudu hakuna. Mukojo iko safi kabisa. Lakini umwambie alete mwili yake. Mukojo haiwezi kutuambia yote."

Nilimfikishia Babu maneno yote mawili. Alipokea lile la kwanza tu. Kuanzia siku ile soko zima lilipata habari. Mtu anapimwa kanzu ya Idi, mikono ameinua, na Babu ana pini mdomoni, anamwambia: "Mimi nimepimwa. Mkojo wangu ni safi." Watu waliitikia mashallah kwa kukosa la kusema. Akija nyumbani anarudia, na Bibi anamjibu, "Safi ndiyo. Lakini uko wapi?"

Ilikuwa siku ya Ijumaa alipokwama kabisa. Tangu asubuhi milio ilikuwa inasikika huko juu milimani, maduka yamefungwa, msikitini wamekwenda wachache wakarudi haraka. Babu aliporudi aliingia chooni, akatoka, akaingia tena. Alasiri alikuwa amelala juu ya mkeka, tumbo limekaza kama ngoma, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Nilimtania neno, sikumbuki neno gani. Hakunijibu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Baba alikuwa mlangoni, anatazama barabara tupu, anarudi, anatazama tena. "Tungoje kidogo," alisema. "Wanapiga bado."

Bibi alikuwa ameshajifunga kitenge. "Risasi iko mbali," alisema, "mkojo uko karibu. Ita watu."

Majirani walikuja na ingobyi, ile machela ya kusukwa wanayobebea wagonjwa, wakamlaza ndani na kumwinua mabegani. Wanaume wale waliacha wake zao wamejificha wakaja kumbeba fundi wa suruali zao, sijawahi kuwasahau. Na yeye, katika maumivu yale, jambo pekee aliloomba ni hili: "Msipite sokoni." Basi tukazunguka kwa nyuma, kwenye michikichi, njia ndefu zaidi, tukikimbia tumeinama kila mlio ukisikika, ili wateja wasimwone.

Yule muuguzi Mkongomani ndiye aliyempitishia mpira wa kutolea mkojo. Sisi wanawake tulikaa nje ya pazia. Tulisikia Babu anaguna, tukasikia kimya, kisha tukasikia maji yanaingia kwenye beseni, yanaingia, hayaishi. Bibi alifumba macho kama anasikiliza kasida. Halafu sauti ya Babu ikapanda. Alikuwa anamwombea dua yule muuguzi, na wazazi wake waliomzaa, na kijiji alikozaliwa, na Kongo yote, amani ishuke Kongo yote.

"Amina, muzee," muuguzi alisema. "Amina. Lakini usitikisike."

Kesho yake alikuja daktari. Alikuwa kijana Mrundi, msomi, mpenda nguo nzuri, na kwa bahati mbaya ya Babu alikuwa mteja wake. Suruali zake mbili zilikuwa juu ya meza dukani zikingoja pindo. Alikaa kwenye kitanda akaeleza kwa utaratibu. Chini ya kibofu cha mwanamume kuna tezi, na mkojo hupita katikati yake. Kwa kijana tezi hiyo ni kama chikichi moja. Kwa mzee hukua, ikabana njia. Mara nyingi ni uzee tu, lakini mara nyingine ni kansa. Ili aanze kujua ni lipi, inabidi aiguse kwa kidole.

"Kidole," Babu alisema. "Kiguse wapi?"

Daktari alimwambia wapi.

Babu alinitazama mimi, akamtazama Bibi, akatazama dirisha. Kisha akasema kwa adabu ya mtu anayetaka kumpunguzia mwenzake kazi:

"Daktari, mwanangu. Mkojo mnao. Beseni zima. Si umepita hapo hapo kwenye hiyo tezi? Uulizeni wenyewe."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee, wazo lako si baya. Umepita hapo kweli, na pengine umeona kila kitu. Lakini lugha yake hatuijui. Tukiuuliza sukari unatujibu, tukiuuliza vidudu unatujibu. Habari ya kansa hatujui kuuuliza."

Siku hizi binti yangu anafanya kazi ya maabara, mbali na hapa, na ameniambia kwamba katika nchi nyingine wameanza kujua kuuuliza. Wanatafuta ndani ya mkojo alama ndogo mno zinazoachwa na chembe za ile tezi. Alama hizo haziwapi hukumu, ila zinawasaidia kuamua huyu akatwe kinyama kidogo kikapimwe, na yule aachwe kwanza. Nilifurahi sana. Nilimwona akilini Babu anazunguka soko zima akisema, "Si niliwaambia?" Kisha binti yangu akaongeza kwamba kwa vipimo vingine vya namna hiyo, daktari huanza kuibonyeza tezi kwa kidole, ili zile alama zishuke kwenye mkojo. Nilicheka mpaka nikaiweka simu chini. Maskini Babu. Kidole kingemfuata hata huko.

Alikataa siku mbili au tatu. Alisema ataondoka na mpira wake kama ulivyo, azikwe nao. Baba alimbembeleza kwa maneno ya kuzungukazunguka hivi kwamba sidhani kama mzee alijua anabembelezwa juu ya nini. Aliyemaliza ubishi ni Bibi. Aliingia na uji, akakaa, akamnywesha vijiko viwili vitatu, akasema bila kupandisha sauti:

"Watoto wote wale nimewazaa mimi. Wakunga wameingiza mikono, manesi wameingiza mikono, mara moja hata mwanafunzi wa nesi waliyemleta ajifunze. Na wewe nje umekaa unakunywa chai, unapokea pongezi. Leo ni kidole kimoja tu. Kimoja, mume wangu."

Mimi nikatia chumvi: "Na kina glavu."

Alikubali kwa masharti. Dirisha lizibwe. Sisi twende mpaka kwenye geti. Muuguzi asiwepo, kwa sababu Babu alikwisha kumwombea dua na hakutaka kuharibu heshima iliyokuwapo. Tulipoitwa kurudi alikuwa ameketi kitandani amenyooka kama mtu anayepigwa picha. Nilimuuliza ilikuwaje.

"Suruali zake," alisema, "nitazibana kiuno."

Lakini daktari hakuwa anacheka tena. Upande mmoja wa tezi ulikuwa mgumu kama jiwe, alimwambia Baba pembeni, na hakuupenda. Ilibidi Babu apelekwe Bujumbura akapasuliwe.

Wakati ule kwenda Bujumbura halikuwa jambo la kusema na kufanya. Magari yaliondoka kwa msafara, yakisindikizwa na wanajeshi, siku ambazo njia ilifunguliwa. Na Babu alitakiwa kusafiri na mpira, na mwisho wa mpira kuna mfuko wa plastiki unaokusanya mkojo. Alinituma dukani nimletee sindano, uzi na ile suruali nyeusi ya kwanza. Akiwa amekaa kitandani hospitalini akashona mfuko wa ndani kwenye paja, wa kitambaa kizito, wenye kifuniko cha kufunga kwa kifungo na tundu la kupitishia mpira. Aliushona kwa mkono, mshono mdogo mdogo ulionyooka, akauweka ule mfuko wa plastiki humo, akasimama, akatembea mpaka ukutani na kurudi. Hakuna kilichoonekana. Muuguzi alipiga makofi.

Mimi ndiye niliyefuatana naye. Tulisafiri kwa basi dogo. Ziwa lilikuwa kushoto kwetu, limetulia, na kulia milima, na macho ya watu wote yalikuwa kulia. Pale Muhuta tulipita gari lililoungua, likiwa limeinamia mtaroni, na mwanamke mmoja mbele yangu akageuza uso wa mtoto wake. Babu alikuwa ameweka mkono juu ya paja, kama mtu aliyebeba mayai.

Kabezi kulikuwa na kizuizi. Tukateremshwa, wanaume upande mmoja, wanawake mwingine. Mwanajeshi alikuwa anawapapasa wanaume mmoja mmoja, kutoka kwapani hadi miguuni. Alipofika kwa Babu akasimama. Mkono wake ulikuwa umegusa kitu kwenye paja, kitu laini, chenye uvuguvugu. Aliruka nyuma, akainua bunduki.

"Weye muzee! Hapa kwa muguu iko nini?"

Babu aliangalia upande wa wanawake. Najua hakika kwamba alikuwa anapima lipi ni baya zaidi, kufa au kusema. Watu waliokuwa karibu naye wakasogea mbali.

"Ni mkojo!" nilipiga kelele kutoka upande wa wanawake. Nikarudia kwa Kirundi, ili kusiwe na yeyote pale asiyeelewa. "Ni mgonjwa, anapelekwa kupasuliwa. Ana mpira!"

"Ainue kanzu."

Babu aliinua kanzu. Akaivuta ile kamba, na kwa mara ya kwanza ikakataa kufunguka. Ilipofunguka mwanajeshi aliinama, akauona ule mfuko, kifungo chake, tundu lake. Aliutazama muda mrefu. Kisha akashusha bunduki.

"Nani alishona hii?"

"Mimi mwenyewe," Babu alisema, na sauti ilikuwa imerudi.

"Iko kazi nzuri," mwanajeshi alisema, akaanza kucheka, na wenzake wakaja kuona, wakacheka nao. Wakatuambia tupande, twende, na Mungu amponye muzee. Nilirudi kwenye kiti changu. Babu naye alikuwa amenuna. Bunduki alikuwa ameshaisamehe, ila kicheko hakukisamehe.

Tulikuwa hatujafika mbali kutoka pale wakati mzee aliyekaa nyuma yetu, mwenye koti na kofia, mtu wa heshima zake, aliposogeza kichwa katikati ya viti vyetu.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Samahani. Ule mfuko. Hata mimi nina shida hiyo."

Babu aligeuka. Walizungumza kwa kunong'ona mpaka tunaingia mjini. Mimi, mke mdogo, niliambiwa nitazame ziwa.

Bujumbura tulikaa kwa shangazi, mtaa wa Buyenzi. Walimpasua, wakakata ile nyama iliyokuwa inabana, wakaondoa mpira. Kipande kilipaswa kupelekwa nje ya nchi kuangaliwa kama kina kansa, kwa kuwa hapa hapakuwa na mtu wa kukisoma, na mipaka nayo ilikuwa imefungwa, nchi jirani zimetuwekea vikwazo. Waliahidi kwamba jibu litafika likifika. Tulirudi Rumonge bila jibu.

Hata hivyo alikojoa. Jioni ya kwanza, sote ndani ya chumba, alikwenda nyuma ya kitenge na ndoo ikapiga kelele kama imewekwa chini ya mfereji wa bati wakati wa mvua. Baba alianza kukohoa, akaishia kucheka na kupangusa macho. "Mchicha wote utaoza," Bibi alisema.

Na dukani mambo yakawa mapya. Yule mzee wa koti alikuwa mtu wa mdomo, au wanajeshi wale walisimulia, sijui. Wazee walianza kuja, mmoja mmoja, wakati soko linafungwa, kila mmoja na suruali "ya kurekebisha kidogo." Walikuja hata kutoka Kizuka. Mimi nilitumwa kununua uzi kila mara, na uzi ulikuwapo tele. Lakini nilisimama nyuma ya mlango nikasikia. Babu alikuwa hakubali kushona kabla hajauliza.

"Umekwenda kwa daktari?"

"Nimepimwa mkojo, fundi. Ni safi."

"Hata wangu ulikuwa safi," Babu alisema. "Kwanza kidole, ndipo mfuko."

Jibu la kile kipande lilifika wakati hatulingoji tena. Yule daktari alikuja nalo mwenyewe nyumbani, akavua viatu, akakaa mkekani. Ilikuwa kansa. Alisema inalishwa na kitu kinachotoka kwenye mapumbu, na kwa kuwa dawa zake hazipatikani nchini, njia iliyobaki ni kuyatoa. Kazi yenyewe ni ndogo, angeweza kuifanya hapa hapa. Haitamponya, ila inaweza kumpa miaka. Kisha akaaga, na Baba akatoka naye, nadhani kwa kukimbia.

Tulibaki watatu. Babu alikuwa anachezea futi yake ya kupimia, anaizungusha kwenye kidole. Hakutazama mtu.

"Wake zangu," alisema mwishowe. "Mmesikia. Anayetaka talaka nitampa kwa wema."

Nilitafuta utani, na kwa mara ya kwanza sikuupata. Bibi ndiye aliyesogea. Alimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kuliona mbele za watu.

"Watoto tumemaliza," alisema. "Wajukuu nao wanakuja wenyewe bila msaada wako. Mimi niliolewa na huyu mtu mwenyewe, hayo mengine yalikuwa mizigo yake tu."

Babu alicheka. Kisha akalia kidogo, na sisi tukatazama pembeni mpaka alipomaliza. Ndipo nikaweza kusema, "Bwana, mimi sikuolewa kwa ajili hiyo," akanitupia ile futi.

Alipona haraka. Ila baada ya wiki chache akaja mgeni asiyetarajiwa. Babu amekaa anashona, ghafla joto linampanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho linamtoka, anavua kofia, anajipepea na kipande cha kitambaa, kisha linapita, anabaki anatetemeka. Alidhani ni malaria. Bibi alimwangalia siku moja hali ikimpata, akakaa chini, akacheka mpaka akajilaza ubavu.

"Sasa umejua!" alisema. "Nilipokuwa nafungua madirisha, si ulikuwa unaniambia nina wazimu? Sasa umejua!"

Toka hapo walikuwa na pepeo moja la ukili, wakipokezana, na walizungumza juu ya joto lao kama wanawake wa rika moja. Sidhani kama walikuwa wamewahi kupatana namna hiyo. Aliishi miaka kadhaa, zaidi ya daktari alivyothubutu kutumaini. Alishona. Aliniozesha, na siku ya harusi alimwambia mume wangu kwamba yeye ni mume wa pili tu, ajue nafasi yake. Aliona magari yanaanza kupita Kabezi bila kusindikizwa. Mwishowe maumivu yaliingia mgongoni na kwenye nyonga, akaacha cherehani, akawa mtu wa kitandani. Alifariki asubuhi moja ya masika, Bibi akiwa anamnywesha maji.

Watu wengi walikuja kuzika. Kisha Bibi akakaa eda, na wanawake wa mtaa wakawa wanakuja kumpa pole, wanajaa chumbani. Kwetu wanaume hawafi kwa ugonjwa wa sehemu hizo. Wanakufa kwa mgongo, kwa upepo, kwa kijicho cha watu. Mwanamke mmoja, jirani wa siku nyingi, aliuliza kama inavyoulizwa, macho chini: "Na marehemu alikuwa anaumwa nini, dada?"

Bibi alikuwa amejifunika nguo nyeupe mpaka kichwani. Alijibu kwa sauti ileile anayotumia kuagiza chumvi.

"Alikuwa na kansa ya tezi ya chini ya kibofu. Ilianza na mkojo wa matone. Wa kwako anakojoaje?"

Yule mwanamke aliweka kikombe chini. Kisha mwingine, kwenye kona, akasema kwamba wa kwake ni kama anachuja pombe. Mwingine akasema wa kwake huinuka mpaka alfajiri. Walianza kuongea wote kwa pamoja, kwa kunong'ona, baadaye bila kunong'ona, na Bibi akawa anawauliza na kuwajibu, mpaka chai ikapoa vikombeni.

Juma lililofuata nilipita karibu na hospitali kwa shughuli zangu. Kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa wanaume watu wazima, wamevaa vizuri, wamenuna, kila mmoja anatazama upande wake, na pembeni ya kila mmoja, mkewe.